Mguu Ukiteguka: Tuukande, Tuufunge, au Tuutie Plasta?

Huku kwetu Lushoto njia ni za mteremko, na wakati wa masika zinateleza. Mtu anashuka sokoni Soni na kapu la kabichi kichwani. Mguu unapinda kwa ndani, anaanguka. Kifundo kinavimba. Kesho yake hawezi kwenda shambani.

Mara nyingi mfupa haukuvunjika. Kilichoumia ni kano. Kano ni nyuzi ngumu zinazofunga mfupa mmoja na mwingine. Karibu zote hupona bila kupasuliwa. Lakini tutibu vipi?

Wengi wetu hukimbilia maji ya moto na kuchua. Siku za kwanza usifanye hivyo. Damu bado inavuja ndani, na joto huongeza uvimbe. Najua mchuaji ni mtu wa heshima kijijini. Hata hivyo, asubiri.

Tumia maji baridi. Barafu hatuna, lakini maji ya chemchemi zetu yanatosha! Loweka kitambaa, weka juu ya kifundo kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Maji hayaungi kano. Yanapunguza maumivu tu. Ukilala, inua mguu juu ya gunia lililokunjwa.

Kisha funga bendeji au kipande cha kanga, kuanzia karibu na vidole kwenda juu. Vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, legeza upesi.

Je, plasta ngumu? Zamani watu walifungwa wiki nyingi. Walipofunguliwa, mguu ulikuwa umekonda na kifundo kimekakamaa. Kwa mguu ulioteguka kidogo, bendeji na kuanza kutembea mapema ni bora. Kwa ulioumia sana mambo ni tofauti. Mwaka 2009 ulitolewa utafiti wa Uingereza juu ya wagonjwa 584 wa namna hiyo. Waliofungwa plasta kwa siku 10 walipata nafuu upesi kuliko waliofungwa bendeji. Baada ya miezi 9 wote walikuwa karibu sawa. Basi plasta si mbaya. Kibaya ni kukaa nayo muda mrefu bila sababu.

Siku ya pili au ya tatu, maumivu yakipungua, kanyaga kidogo kidogo kwa fimbo. Ukiwa umekaa, andika hewani a, e, i, o, u kwa kidole gumba cha mguu. Baadaye simama kwa mguu huo mmoja, ukishika ukuta. Watu wengi huacha mazoezi haya, na mguu huteguka tena na tena.

Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walionyesha njia ya kumtambua anayehitaji picha ya eksirei. Jaribu kutembea hatua nne. Kisha bonyeza mifupa miwili iliyojitokeza kifundoni, kwenye ncha na ukingo wa nyuma. Bonyeza pia mfupa wa ukingo wa nje wa wayo, katikati. Huwezi hatua nne, au mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa? Usichuliwe. Ubebwe hadi hospitali siku hiyo hiyo.