Macho Yapo Njiani, Akili Iko Wapi?

Ujumbe wa simu haujui kungoja. Tangu siku ile ya tarehe 3 Desemba 1992, ulipopelekwa huko Uingereza ujumbe mfupi wa kwanza wa maandishi, nao ukiwa ni salamu za Krismasi tu, desturi ya kupelekeana maneno machache kwa simu imeenea mjini na shamba. Mama akandaye unga wa chapati, fundi aliyelala chini ya gari na mikono imejaa girisi, mshonaji aliyeinamia cherehani, na dereva aliyeshika usukani wa lori, wote huitwa na mlio ule ule, na kila mmoja hutamani kujua ni nani aliyemkumbuka na ana neno gani.

Sasa wote hao wameambiwa kwamba hawana haja ya kuigusa simu, kwani simu yenyewe itawasomea. Jambo hili si la kesho wala la kubuni. Mwaka 2007 kampuni ya Ford ilianza kuuza magari yenye mtambo wa Sync, uliokuwa na uwezo wa kumsomea dereva ujumbe ulioingia katika simu yake. Mwaka 2014 kampuni ya Apple ilitoa CarPlay, na mwaka uliofuata Google ikatoa Android Auto, mitambo iunganishayo simu na redio ya gari. Ilipofika mwaka 2019, simu za Apple ziliweza kumnong'oneza mwenyewe ujumbe wake kwa vipokea sauti vya masikioni bila ya yeye kuomba. Mtambo huyapokea maandishi, huyageuza yawe matamshi, huyatoa kwa sauti, kisha huuliza kama msikilizaji anataka kujibu.

Sisi hatuna ugomvi na chombo hiki, na tungependa lieleweke hilo mapema. Asili yake ni ya heri. Mwaka 1976 Mmarekani Raymond Kurzweil alionyesha hadharani mashine ya kuwasomea vipofu kurasa za kitabu kwa sauti. Mwaka 2009 simu za iPhone na za Android zikaanza kupata programu za kumsomea asiyeona kila kilichoandikwa kwenye kioo. Kwa mtu huyo sauti ya simu si anasa, bali ni mlango wa kuingilia duniani. Kadhalika, kwa mzee ambaye macho yamemfifia, na kwa yule ambaye hakupata bahati ya kujua kusoma, ni faraja kubwa kuisikia barua ya mwanawe bila kumwomba jirani amsomee na kuzijua siri zake.

Wala hatuoni ubaya kwa mama wa chapati. Akili yake ikimpotea kitambo kidogo kwa habari aliyosomewa, hasara yake ni chapati moja kuungua. Lakini kuna kazi na kazi. Hasara ya dereva haihesabiwi kwa chapati. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo hilo hueleza kwamba dereva atumiaye simu hukabiliwa na hatari ya ajali mara 4 hivi kuliko asiyeitumia, na kwamba kuitumia bila kuishika mkononi si salama zaidi sana kuliko kuishika.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo tunayotaka wasomaji wetu wayatie moyoni, maana wengi huamini kinyume chake. Mtu hujisemea: mikono yangu ipo kwenye usukani, macho yangu yapo barabarani, basi nina kosa gani? Kosa lipo mahali pasipoonekana. Mwaka 1997 wataalamu wa Kanada, Redelmeier na Tibshirani, walichunguza simu zilizopigwa na madereva kabla ya kugongana, wakaona kwamba hatari iliongezeka mara 4 hivi, na kwamba waliozungumza bila kushika simu hawakuwa na nafuu. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Utah, Strayer na Johnston waliwaweka watu katika mitambo ya kuigiza uendeshaji. Waliokuwa wakizungumza kwa simu walizikosa ishara za kuwasimamisha mara mbili zaidi kuliko walipokuwa hawazungumzi, na aliyeshika simu hakutofautiana na asiyeishika.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Jicho hutazama, bali akili ndiyo ionayo. Akili iliyokwenda nyumbani kufuata habari ya mgonjwa, au iliyokwenda sokoni kufuata deni, huliacha jicho likitazama kivuko cha wanafunzi kama mtu atazamaye ukuta. Abiria aliyeketi kando ya dereva huiona njia pamoja naye, hata akiona ng'ombe wanakatiza hunyamaza au hupiga ukelele. Mashine haioni njia. Itasoma habari ya msiba kwa sauti ile ile isomayo tangazo la biashara, na itaisoma pale pale kwenye kona kali.

Na akili ikishaondoka, hairudi mara moja. Mwaka 2015 taasisi ya usalama barabarani ya chama cha magari cha Marekani, AAA, ilitangaza uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Utah juu ya mitambo iongozwayo kwa sauti. Ilionekana kwamba kwa mitambo iliyo mibaya zaidi, mawazo ya dereva huweza kubaki yametawanyika hata sekunde 27 baada ya kumaliza kuzungumza na chombo. Na tupige hesabu sisi wenyewe: gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 600 kwa sekunde 27. Katika mita 600 za barabara zetu mna tuta, mna kituo cha basi, mna mama aliyebeba kuni na mtoto mgongoni.

Kwa haki hatuna budi kukiri kwamba kusikia ni afadhali kuliko kutazama. Dereva ainamiaye simu kwa sekunde 5, akiwa katika mwendo huo huo, amekwenda zaidi ya mita 100 akiwa kipofu. Hata hivyo, afadhali si salama. Mtu aliyeponea kuzama hakosi kulowa.

Liko tena jambo linalotuhusu sisi watumiaji wa Kiswahili. Lugha yetu imejaliwa wepesi wa kusomeka: irabu zake tano hazibadili sauti, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Mashine haina udhuru wa kuikosea. Zipo sasa sauti za Kiswahili zilizotengenezwa vizuri, kama zile za Microsoft za Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Lakini simu iliyopangwa kusoma kwa Kiingereza hulitamka neno "pole" kama Mwingereza atajavyo mlingoti, na ujumbe wa msafiri aliyefika Same hausikiki kabisa kuwa ni mji. Ujumbe ukitaja 8:00 asubuhi, na mashine ikasoma "saa nane asubuhi", msikilizaji ashike lipi, ilhali kwetu hiyo ni saa mbili? Nao vijana wetu waandikao "m2" kwa maana ya mtu, na "2taonana" kwa maana ya tutaonana, wameizidishia mashine mzigo.

Mtu aweza kusema hayo ni ya kuchekesha. Sisi hatucheki. Dereva aliyesomewa maneno asiyoyaelewa atafanya nini? Ataichukua simu aitazame mwenyewe. Hapo chombo kilichonunuliwa ili kuyaokoa macho yake kitakuwa kimeyarudisha pale pale kilipoyatoa.

Aidha, sauti haina bahasha. Ujumbe wa M-Pesa hutaja fedha zilizoingia na kisha hutaja salio lote. Ujumbe wa benki huweza kuleta nambari ya siri ya kuthibitishia malipo. Kuyaacha hayo yasomwe kwa sauti mbele ya abiria ni sawa na kufungua pochi sokoni.

Sheria nazo zimeelekezwa zaidi kwenye mkono. Uingereza ilikataza kushika simu wakati wa kuendesha tangu tarehe 1 Desemba 2003, ikaikaza sheria hiyo mwaka 2022, lakini chombo kisichoshikwa kimeachwa, isipokuwa kama kitamfanya dereva ashindwe kulitawala gari. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2016, iliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva atumiaye simu ya mkononi gari likiwa mwendoni. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, mnamo Desemba 2011, ilipendekeza kwamba madereva wakatazwe vyombo hivyo hata vile visivyoshikwa. Twajua kwamba hakuna askari awezaye kusimamisha gari kwa kuwa akili ya dereva imesafiri. Ndiyo maana dhima hii haiwezi kuachiwa askari peke yake.

Kwa hiyo twatoa wito. Kwa madereva, na hasa vijana wa bodaboda wavaao vipokea sauti chini ya helmeti zao: pangeni simu zisiwasomee lolote mkiwa mwendoni. Zipo simu zenye mpango wa kuendeshea, uwezao kunyamazisha milio na kumjibu aliyeandika kwamba mwenyewe yuko barabarani. Asiyeweza kungoja na asimame pembeni, kisha asomewe. Kwa wenye malori, mabasi na biashara za kupeleka mizigo: msimtake dereva ajibu papo hapo, maana amri yenu ndiyo imtoayo akili barabarani. Kwa watengenezaji: jifunzeni Kiswahili kama tukisemavyo, pamoja na saa zetu, ndipo mtuuzie sauti. Na kwa sisi sote tuliobaki nyumbani: tukijua kwamba baba, mume au dada yuko safarini, tusimwandikie neno ambalo laweza kungoja hadi atakapofika.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Kwa mwenye usukani, hilo moja huenda likawa ni roho ya mtu.