Ubongo Ukifanya Kazi, Damu Huukimbilia

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani kama asilimia 2 tu ya mwili. Hata hivyo, mwili ukiwa umepumzika, ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Tena akiba yake ni ndogo mno. Sehemu yoyote inayoanza kazi lazima ipelekewe damu mara moja.

Jambo hilo lilijulikanaje? Katika karne ya 19, Mwitalia Angelo Mosso wa Torino alimchunguza mkulima aliyeumia akabaki na tundu kwenye fuvu la kichwa. Kengele za kanisa zilipolia saa sita mchana, mapigo ya damu ubongoni yaliongezeka. Mosso akamwuliza kama kengele zilimkumbusha kusali Salamu Maria. Alipojibu ndiyo, mapigo yakapanda tena.

Siku hizi tundu halihitajiki. Mwaka 1990 Mjapani Seiji Ogawa na wenzake, wakiwa Marekani, walionyesha kwamba mashine ya MRI, itumiayo sumaku, hutofautisha damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa. Mtu akichezesha vidole akiwa ndani ya mashine hiyo, sehemu ya ubongo inayoviongoza huonekana katika picha.

Ili kuona mshipa mmoja mmoja, wataalamu huchunguza panya kwa darubini ya leza. Damu hutiwa rangi ing'aayo, kisha sharubu za panya huguswa. Baada ya sekunde moja au mbili, misuli ya mishipa midogo hulegea, mishipa hutanuka, na damu huongezeka mahali pale pale panapoihitaji.

Shinikizo la damu huharibu utaratibu huu. Likidumu miaka mingi, mishipa hiyo huwa minene na migumu, haitanuki inavyopaswa. Mwisho wake waweza kuwa kiharusi au kupotewa na kumbukumbu. Na mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu yoyote.

Basi, tusingoje kuugua. Tupime shinikizo la damu, tupunguze chumvi, tuache sigara, tufanye mazoezi. Aliyeandikiwa dawa azimeze kila siku, asiziache kwa sababu tu anajisikia mzima. Ubongo ni amana tuliyopewa na Mwenyezi Mungu, tuitunze.