Kuchuna, kupasua au kupunguza unene? Lugha ya mashine ya mtengeneza mikoba

Mfasiri anayekabidhiwa maelezo ya mashine za ngozi hukutana mapema na kitenzi cha Kiingereza skive, nacho humtega. Katika mazungumzo ya Waingereza kitenzi hicho humaanisha kutegea kazi. Katika karakana humaanisha kuondoa sehemu ya unene wa ngozi, hasa ukingoni na kwa upande wa nyama, ili ngozi ikunjwe au iunganishwe bila kutuna. Nimewahi kusoma tangazo lililokiita chombo hiki "mashine ya kuchuna ngozi". Kuchuna ni kumvua mnyama ngozi yake. Mwenye haja ya mashine hiyo yuko machinjioni, si mezani pa mshona mikoba.

Kukata nako hakufai, kwa kuwa kukata hutenganisha kipande na kipande. Kukwangua hudokeza kuparuza uso tu. Kupasua ni hatari zaidi, maana ni neno sahihi la kazi nyingine: kuigawa ngozi nzima tabaka mbili, la juu na la chini, kwa mashine yake maalumu iliyo kubwa na ghali. Mnunuzi aliyeandikiwa "kupasua" pale palipostahili "kupunguza unene wa ukingo" aweza kuagiza chombo asichokihitaji kabisa.

Limebaki neno ambalo wengi hulikimbilia, yaani -embamba. Kiswahili hulitumia kwa njia isiyo pana na pia kwa karatasi isiyo nene. Kwa hiyo sentensi "fanya ukingo uwe mwembamba" ina maana mbili: punguza upana, au punguza unene. Katika maandishi ya kawaida muktadha huamua. Katika maelezo ya mashine, ambako vipimo vyote viwili hutajwa pamoja, muktadha hautoshi. Andika "unene" na "upana" waziwazi kila mara, hata kama sentensi itarefuka.

Mfano wa hesabu utaonyesha sababu. Chukua ngozi yenye unene wa milimita 1.2, ambayo ukingo wake utapindwa kwa ndani na kubandikwa kwa gundi. Ukiipinda hivihivi, pindo litakuwa na unene wa milimita 2.4, na mapindo mawili yakikutana kwenye mshono mmoja utapata 4.8, sindano italalamika na mkoba utaonekana umevimba. Ukipunguza unene wa ukingo hadi milimita 0.6 kabla ya kupinda, pindo hurudi kuwa 1.2, sawa na mwili wa mkoba. Lakini je, upunguze kwa upana gani? Ikiwa pindo ni la milimita 10, sehemu iliyopunguzwa inapaswa kukaribia milimita 20, kwa sababu nusu yake hulala juu ya nusu nyingine. Sasa mpe fundi sentensi isemayo "ukingo uwe mwembamba, milimita 20" uone atakavyohangaika.

Mashine inayofanya kazi hii katika karakana nyingi za mikoba, kama zile za Fortuna ya Ujerumani au Nippy ya Japani, ina kisu cha mviringo chenye umbo la kikombe kisicho na kitako, kinachozungushwa na mota. Ngozi hupita uso wake ukiwa juu, katikati ya mguu unaoikandamiza na gurudumu linaloisukuma kutoka chini, nacho kisu hunyoa upande wa nyama. Urefu wa mguu kutoka kwenye kisu huamua unene utakaobaki. Mwinamo wake huamua kama ukingo utateremka taratibu au utabaki bapa. Kizuizi cha pembeni huamua upana. Jiwe la kunolea limo ndani ya mashine yenyewe. Neno "mguu" tayari lipo katika lugha ya cherehani, basi hakuna haja ya kubuni jingine.

Tukija kwenye uchaguzi, swali la kwanza halihusu bei. Je, mikoba yako ina kingo zilizopindwa? Anayetumia ngozi ngumu, akaziacha kingo wazi na kuzipaka rangi, hupunguza unene mahali pachache, na kisu cha mkono kilichonolewa vizuri chaweza kumtosha kwa miaka. Anayepinda kingo kila siku ataona kisu cha mkono kinamcheleweshea kazi na kumharibia vipande. Ngozi laini mno nayo ina tabia yake: ikisukumwa kutoka chini peke yake huvutika na kukunjamana, na hapo mashine inayosukuma juu na chini ina faida ya kweli. Uliza pia kama mota ni ya umeme wa fezi moja au fezi tatu. Mashine nyingi za mitumba zilitoka viwandani, na karakana ya nyumbani haina fezi tatu.

Katika mitumba, mimi ningetazama kisu kabla ya rangi ya mashine. Kila kinoleapo kisu hupungua urefu, nacho husogezwa mbele kufidia upungufu; kilichobaki kifupi sana kitabidi kibadilishwe karibuni, na gharama hiyo ihesabiwe ndani ya bei. Nenda na mabaki ya ngozi yako mwenyewe, si yale ya muuzaji. Pitisha ukanda mmoja, kisha pima unene mwanzoni, katikati na mwishoni. Vipimo vikitofautiana hata baada ya kunoa na kurekebisha mguu, tatizo limo ndani ya mashine.