Nyanya zinadedi na bado unamwaga dawa? Soma hii kwanza

Buda, hii story unaijua. Saa sita mchana nyanya zimelala kama wasee wa Jumatatu asubuhi, lakini majani bado ni kijani. Jioni zinasimama, unasema ni jua tu. Kesho zinalala tena. Siku ya nne haziamki, na laini inayofuata imeanza.

Unachukua doo ya mwisho, unaenda agroveti, unaambiwa "mwaga hii kwa shina." Unamwaga. Zinaendelea kudedi.

Ilitokea kwetu Kabazi, kwa shamba la shosho, ndio nikakaa chini nikasoma haya maneno. Chuo niliacha, kusoma sikuacha.

Huyo adui anaitwa mnyauko wa bakteria. Jina lake la kisayansi ni Ralstonia solanacearum, na usijali, hata mimi silitamki. Anaishi kwa udongo. Anaingilia kwa mizizi, kupitia vidonda vya jembe ama vya minyoo wadogo wanaotoboa mizizi. Akiwa ndani anazaana kwenye mirija inayopandisha maji mpaka inaziba. Mmea unakufa kiu na udongo umelowa.

Sasa shika hii: hakuna dawa ya kumwaga inayotibu mmea ukishashikwa. Hakuna. Dawa nyingi tunazomwaga ni za ukungu ama za wadudu. Huyu si ukungu, si mdudu. Ni kama kufungua mlango wako na ufunguo wa jirani.

So kabla utoe hata mia, fanya hivi. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole. Kining'inize kwa glasi ya maji safi, usitingishe. Baada ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwa shina, ni yeye. Kwa waru, kata kiazi katikati ukikamue: kuna duara la kahawia na uteute mweupe unatoka. Mara nyingi hata macho ya kiazi yanashika udongo.

Na ile dawa ulimwaga, imeenda wapi? Haijaenda mahali.

Dawa kwa udongo huisha nusu kwa nusu. Chukua atrazini, ile ya kuua magugu kwa mahindi. Nusu yake huisha kwa kama siku 60, yaani siku ya 120 robo bado iko. Kiangazi kikiingia inachelewa zaidi, juu viini vya udongo vinavyoivunja vinahitaji unyevu. Ukipanda maharagwe mapema hapo, yanaota poa, halafu majani ya chini yananjanika kwa kingo na kukauka. Unadhani ni ugonjwa wa mizizi, unarudi agroveti tena. Noma.

DDT ndio mbaya kabisa. Kenya ilipiga marufuku matumizi yake kwa kilimo mwaka 1986. Kuna udongo ambao nusu yake inachukua hadi miaka 15 kuisha. Piga hesabu: robo ya ile iliyowekwa 1986 ingekuwa bado iko mwaka 2016.

Shaba nayo, ile kila mtu anaita kopa, haiozi hata kidogo. Ni metali. Kila pampu unapiga kwa nyanya ama kahawa, ile inaanguka chini inabaki kwa udongo wa juu, mwaka baada ya mwaka, na ikizidi inaumiza nyungunyungu. Sisemi usitumie kopa kwa baridi ya majani, hapo ina kazi yake. Nasema kuimwaga kwa shina lenye mnyauko ni kuzika doo.

Kwa hivyo ufanye nini? Ng'oa mmea ulioshikwa, na mizizi yake yote, utoe shambani. Usitupe kwa mbolea. Usitupe kwa mtaro, juu huku kwetu ni mteremko, na maji yako ndio maji ya jirani wa chini. Osha jembe na gambuti kabla uingie kipande kingine, sababu bakteria husafiri kwa matope.

Halafu mbegu. Waru ya Shangi ya sokoni inaweza kuwa safi kwa macho na imebeba ugonjwa ndani, ndio maana watu hutafuta mbegu iliyothibitishwa, kama ya KALRO Tigoni ama ADC Molo. Ni ghali, najua. Lakini hesabu gunia ulizopoteza.

Kile kipande kipumzishe na mahindi, vitunguu ama kabichi, misimu kadhaa, si mmoja. Na hapa ndio shosho alichapwa mara ya pili: alitoa nyanya, akaweka managu. Managu, hoho, biringanya, waru na nyanya ni familia moja. Hata zile waru zinajimea zenyewe katikati ya mahindi, zing'oe. Huyo jamaa anakula hapo akikungoja.