Rekodi za kwenye tope la Kilosa

Rekodi ya Kilosa inayotangazwa ni handaki la reli ya SGR: zaidi ya kilomita moja ndani ya mlima, na treni ya umeme inayofika kilomita 160 kwa saa. Mimi nimevutiwa na tope la majaruba ya mpunga, makazi ya kawaida ya bakteria wa zambarau. Jaza chupa tope jeusi, changanya na gazeti lililochanwachanwa na kiini cha yai la kuchemsha, funika, weka dirishani. Baada ya wiki kadhaa, upande wa jua hutokea madoa ya zambarau, na harufu ya yai viza. (Tope la viboko wa Mikumi nalo lingefaa, ila simtumi mtu.)

Handaki fupi mno limo ndani ya bakteria hao. Mwanga ukiamsha jozi ya molekuli za bakterioklorofili, elektroni inachomoka na kufika kwenye molekuli ya bakteriofeofitini, umbali wa nanomita 1.7 hivi, kwa sehemu tatu za trilioni ya sekunde. Haipandi kizuizi, inatokeza upande wa pili, na wanafizikia nao husema imepita handakini. Ukipiga hesabu, ni kama kilomita 2,000 kwa saa. Si mwendo wa kutisha. Njia ndiyo fupi, na lazima iwe fupi: ongeza nanomita 0.17 tu, kasi inashuka mara kumi hivi.

Kombe langu, hata hivyo, ni la kutorudi nyuma. Elektroni hiyo inavutwa irudi ilikotoka, na ikirudi nishati inaishia kuwa joto. Kurudi kunataka nanosekunde kama 10. Molekuli ya kwinoni iliyo jirani huidaka kwa nanosekunde 0.2. Ndiyo maana karibu kila chembe ya mwanga inayofika hapo huzaa matunda.



Ramani ya mtambo huu wa bakteria wa zambarau, ambao ni protini, ilichapishwa mwaka 1985 na Deisenhofer, Michel na Huber, wakapata Nobel mwaka 1988. Ilikuwa protini ya kwanza ya kwenye utando wa seli kuchorwa atomu kwa atomu. Ilionyesha njia mbili zinazofanana kama pacha, kulia na kushoto, lakini elektroni hupita moja tu. Watafiti walipobadilisha asidi amino moja, tairosini, iliyo kando ya njia inayotumika, safari ilichukua muda mara kadhaa zaidi. Ile ya pili ikabaki imelala vilevile.