Hatari iliyo katika ndoo ya batiki

Akina mama wengi mijini hujipatia riziki kwa kutengeneza batiki nyumbani. Kazi hii ni nzuri, lakini kemikali zinazoshikisha rangi si za kuchezewa.

Ya kuogopwa zaidi ni kostiki soda. Huchoma ngozi, na tone moja laweza kumpofusha mtu. Mtoto akiinywa, umio huungua, na kovu linalobaki huweza kuziba njia ya chakula. Kwa hivyo, usiiweke kamwe katika chupa ya soda. Unapoichanganya, itie ndani ya maji baridi kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu yake, huchemka ghafla na kuruka usoni. Vaa glavu za mpira na miwani.

Haidrosulfaiti nayo hutoa hewa kali inayoweza kuamsha pumu. Fanyia kazi hii nje, na sufuria ya rangi isirudi jikoni.

Ajali ikitokea, osha ngozi au jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 20. Aliyemeza kostiki asitapishwe, kwani itamchoma mara ya pili. Mkimbize hospitalini, na ubebe pakiti yake daktari aione.