Watazamaji Waliotangulia: Sinema ya Kisanaa Korea ya Kusini

Filamu Parasite ya Bong Joon-ho ilipopewa tuzo kuu ya Cannes mwaka 2019, wengi walistaajabia ustadi wa watengenezaji filamu wa Korea ya Kusini. Wachache waliuliza habari za watazamaji. Nao ndio waliotangulia.

Katika miaka ya 1970, chini ya utawala wa Park Chung-hee, kila filamu ilipita mikononi mwa wakaguzi wa serikali kabla ya kuonyeshwa, na za kigeni ziliingia kwa kipimo. Mjini Seoul mianya miwili ilibaki wazi: Kituo cha Utamaduni cha Ufaransa na Taasisi ya Goethe ya Wajerumani. Humo vijana, aghalabu wanafunzi wa vyuo vikuu, walitazama filamu za kisanaa katika lugha ambazo wengi wao hawakuzijua, bila maandishi ya Kikorea. Iliwabidi waisome picha yenyewe: mwanga, mwendo wa kamera, kimya. Pengine hawangepata shule kali kuliko hiyo. Baadaye wakaitwa kizazi cha vituo vya utamaduni.

Kisha zikaja kanda za video, zilizonakiliwa tena na tena hata picha zikafifia. Vyama vya wapenzi wa sinema vilizitazama na kuzijadili. Huko vyuoni zilionyeshwa pia filamu zisizo na kibali. Mwaka 1990 polisi walijaribu kuizuia Paopjeonya, filamu ya kundi la Jangsangotmae kuhusu wafanyakazi wa kiwanda wanaojiandaa kugoma. Mashtaka dhidi ya kundi hilo kwa kuonyesha filamu bila kibali yalifika hadi Mahakama ya Katiba, nayo tarehe 4 Oktoba 1996 ikaamua kwamba ukaguzi wa namna hiyo unapingana na katiba.

Wakati huo hadhira ilikuwa tayari. Mwaka 1995 lilianzishwa jarida la KINO, na Sadaka ya Tarkovsky, filamu ndefu yenye mwendo wa pole, ikavuta makumi ya maelfu ya watu. Tamasha la kwanza la Busan, Septemba 1996, lilipata watazamaji zaidi ya 180,000, wengi wao vijana.

Wingi huo haukudumu katika majumba ya kisanaa. Majengo yenye kumbi nyingi yalienea tangu mwaka 1998, na KINO ikafungwa mwaka 2003. Hata hivyo, jumba la Seoul Art Cinema, lililofunguliwa mwaka 2002, limekwisha kuhama zaidi ya mara moja, na watazamaji wake wamelifuata.